Siku sita kutafuta sinema za Vugiri

Nimerudi Dar wiki tatu sasa na matope ya Vugiri bado yako kwenye soli za viatu. Haya nimeyapanga kutoka kwenye daftari na picha za simu. Simu ilipozimika chaji nimetegemea kichwa, lakini bei zina uhakika maana niliziandika palepale, kabla konda hajanisahaulisha chenji.

Kwanza kilichonipeleka. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, juu ya milima ya Usambara, kulikuwa na kituo cha kutengeneza sinema. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la sinema za kuelimisha Waafrika. Ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, na fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya New York. Wakubwa wake walikuwa wawili: Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba Afrika Mashariki na kufikiria kuwaonyesha vibarua sinema ili watulie, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Walitoa filamu fupi 35, za mkanda wenye upana wa milimita 16, wakazipakia kwenye lori na kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini.

Kati ya hizo 35, zinazojulikana kubaki ni tatu: ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, ya safura, na ya mashamba ya wakulima wadogo wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Zote tatu zinatunzwa Uingereza, kwenye hazina ya filamu ya BFI, Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Hazina hiyo nayo ilianza mwaka huohuo wa 1935. Yaani wakati London wanaanza kukusanya filamu ili zisipotee, Vugiri walikuwa wanatengeneza filamu ambazo karibu zote zingepotea.

Sikwenda nikiamini nitaokota mkanda chini ya mti. Nilitaka kuona mahali penyewe, na kuuliza.

Jumatano: Mbezi hadi Korogwe

Basi lilikuwa liondoke Stendi ya Magufuli saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Liliondoka saa mbili kasorobo. Nauli dirishani ilikuwa 18,000. Mpiga debe wa nje aliniambia 22,000 "pamoja na mzigo", na mzigo wangu ni begi la mgongoni. Katia tiketi dirishani, hata kama foleni inakukera.

Mpaka Chalinze hakuna la kusimulia. Tulivuka daraja la Wami, tukachimba dawa, na mbele kidogo ya Mkata basi likaanza kunuka mpira unaoungua. Dereva akashuka, akafunua, akasonya. Mkanda wa feni umekatika. Nikajicheka mwenyewe: safari ya kutafuta mikanda imesimamishwa na mkanda.

Tulikaa saa mbili na dakika arobaini. Jua la mwezi wa kumi na moja pale halina huruma. Mama mmoja mwenye kibanda cha machungwa aliniona nimejikunyata kwenye kivuli cha tairi, akanivutia ndoo iliyogeuzwa nikae. Akamenya machungwa mawili, akakataa pesa. Nilipomweleza ninakokwenda na ninachokitafuta, akauliza, "Sinema za bure zile? Za kwenye kitambaa?" Yeye aliziona akiwa mtoto, enzi za Mwalimu. Alichokumbuka ni jenereta: wakubwa waliwakataza watoto kuisogelea, kwa hiyo watoto wote walikaa karibu na jenereta.

Tukaingia Korogwe giza limeshaanza. Gesti karibu na stendi 20,000, maji ya ndoo, neti nzima. Kwa mama ntilie, ugali na samaki wa kukaanga 4,000, na bamia za kutosha watu wawili.

Alhamisi: mvua, na kopo la mzee

Nilipanga kupandisha Vugiri asubuhi. Saa kumi usiku mvua ikaanza, na kulipokucha vijana wa bodaboda waliniambia bila kunizungusha: leo hakupandiki. Mmoja tu alikubali, kwa 40,000, na wenzake walimwangalia kwa namna iliyonifanya nikatae.

Basi nikarudi kwa mama ntilie kunywa chai. Nikamwuliza kama anamfahamu mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye gari la sinema. Akafikiri huku anageuza chapati. Kisha akamwita mwanawe, akamwambia anipeleke "kwa babu wa projekta". Sikutegemea iwe rahisi hivyo. Dar nilikuwa nimezunguka ofisi mbili kwa miezi miwili, na zote ziliniambia nije kesho.

Mzee ana miaka themanini na kitu. Alikuwa mwendeshaji wa projekta wa idara moja ya serikali miaka ya sabini, Tanga na Kilimanjaro, mpaka gari lilipokufa na lisitengenezwe. Nilimwamkia, nikaeleza shida yangu. Hakujibu. Akaingia ndani, akakaa muda, akatoka na kopo la bati lenye kutu, la kipenyo cha sahani ya wali.

"Hili waliliacha kwenye gari," alisema. "Nikasema lisitupwe."

Alipofungua, harufu ikanipiga puani. Siki. Kama umewahi kufungua chupa ya achari iliyokaa sana, ndiyo hiyo. Milimita 16 zilitengenezwa kwa asetati, mkanda usiowaka moto hovyo kama zile naitreti za mwanzo za milimita 35, ambazo zikishika moto huendelea kuwaka hata ndani ya maji. Lakini asetati ina ugonjwa wake. Joto na unyevu huifanya itoe asidi, asidi inaharakisha kuoza, mkanda unasinyaa, unajikunja, unakuwa mkavu kama ganda la kitunguu. Siki ndiyo dalili ya kwanza. Uingereza filamu za asili huhifadhiwa kwenye ghala la nyuzi 5 chini ya sifuri. Hili kopo lilikuwa juu ya kabati, chini ya bati, Korogwe, karibu miaka hamsini.

Tukasogea mlangoni penye mwanga. Sikuukunjua mkanda, nilishika ncha tu kwa pembeni. Filamu za Kodak zina alama ndogo ukingoni zinazotaja mwaka wa kutengenezwa kwa mkanda mtupu: duara, mraba, pembetatu, kwa mpangilio unaojirudia kila baada ya miaka ishirini. Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia.

Duara moja.

Duara moja ni 1936. Nilisikia moyo ukinidunda masikioni. Ila duara moja ni 1956 pia. Na ni 1976 pia.

Ikabidi nitulie, nitazame mengine. Filamu za Vugiri hazikuwa na sauti kwenye mkanda. Picha zilikuwa kwenye mkanda, maneno kwenye santuri, ili lugha ibadilishwe kwa kubadilisha sahani: leo Kiswahili, wiki ijayo Kinyanja. Kwa hiyo mkanda wao ungetarajiwa kuwa na matundu, yale yanayoshikwa na meno ya projekta, pande zote mbili, kama milimita 16 za bubu. Huu ulikuwa na matundu upande mmoja, na upande wa pili una mstari mwembamba wa sauti unaotetemeka. Halafu picha: shamba la pamba, mtu na jembe, vyote vimegeuka rangi ya pera bivu. Hivyo ndivyo filamu za rangi za miaka hiyo zinavyofifia. Buluu na kijani huondoka, unabaki wekundu. Basi ni 1976, na ni kilimo cha pamba.

Mzee akaniuliza, "Siyo yenyewe?"

Nikamwambia siyo yenyewe, ila ni ya kutunzwa vilevile. Akacheka. "Hii pamba nimeionyesha Mkomazi, Mashewa, Magoma. Watu walikuwa wanasubiri iishe tuweke mpira."

*Kwa atakayekuta kopo la namna hiyo nyumbani:* usiukunjue mkanda wote kuuangalia, usiufute kwa maji wala spiriti, na tafadhali usiupitishe kwenye projekta ya zamani, meno yake yatachana matundu yaliyosinyaa. Hesabu matundu, upande mmoja au pande mbili. Piga picha alama za ukingoni na kila maandishi ya kwenye kopo, hata ya penseli. Kopo la kutu libadilishwe. Boksi safi la karatasi ngumu, lisilozibwa kabisa ili ile siki ipate pa kutokea, linafaa zaidi. Weka chumba chenye ubaridi, chini, mbali na bati, na mbali na mikanda mingine kwa sababu mvuke huo unaambukiza. Na karibu na mkanda ukiona santuri isiyo ya muziki, usiitupe.

Nilimwachia mzee kopo lake. Alinipa nilichukue, nikakataa. Mikanda mingi imepotea mikononi mwa watu waliosema wanaipeleka mahali pazuri.

Ijumaa: kupandisha

Mvua ilikata usiku. Bodaboda 15,000 mpaka Vugiri, kijana mwingine, mwenye minyororo ya tairi aliyoitengeneza kwa kamba ya mkonge. Chini ni mkonge kwa mistari mpaka macho yachoke. Kisha barabara inaanza kujinyonga, mkonge unaisha, migomba inaanza, halafu baridi. Mara nne nilishuka kusukuma. Mara ya tano tulishuka wote wawili na pikipiki ikalala yenyewe. Watu watatu waliokuwa wanashuka sokoni na mizigo kichwani waliitua, wakatunyanyua, wakajitwika tena, wakaendelea. "Onga mshi," wakatusalimu kwa Kisambaa, kana kwamba tumekutana barazani.

Chukua sweta. Nililicheka wazo hilo Dar, na usiku ule nililala na jinzi.

Nilipofika juu nilielewa kwa nini watu wa sinema wangetaka kukaa pale. Dawa za kusafishia filamu nyeusi na nyeupe hupenda maji ya nyuzi 20 hivi. Kwa maji ya bomba la Tanga mjini mwezi wa pili, utando wa picha ungelainika na kuvimba kama ukwaju. Vugiri maji yanatoka mlimani yakiwa yameshapoa, bure. Ukisogea ukingoni unaona tambarare yote chini. Mtu mwenye kamera anaweza kupiga shamba la chai asubuhi na mkonge jioni.

Kituo kilikuwa wapi hasa? Hapo ndipo nilipokwama. Mzee mmoja alinipeleka kwenye nyumba yenye dohani, akasema ndiyo hiyo, walikuwa wanaweka kitambaa cheusi madirishani. Mwingine, mdogo wake kwa miaka kama mitano, akasema hapana, ile ilibomolewa, mawe yake yamejengea zizi. Walibishana kwa Kisambaa mbele yangu kwa robo saa. Nimepiga picha vyote viwili, nyumba na zizi, na sitaandika kwamba nimepata.

Usiku nililala kwa familia moja, maana gesti hakuna. Makande, chai ya maziwa yenye iliki, na moto jikoni. Watoto walitaka kujua sinema zenyewe zilikuwa za nini. Filamu sikuwa nayo hata moja. Nilikuwa na maelezo tu niliyoyanakili kwenye daftari. Basi nikawasimulia mojawapo ya zilizopotea, ile ya kuhamasisha watu waweke pesa kwenye akiba ya posta: wafanyakazi wawili wanapokea mshahara. Mmoja anafukia pesa zake, mwizi anamwona, anazifukua. Mwingine amepeleka posta, pesa zake ziko salama.

Nilipomaliza, bibi wa nyumba hiyo, aliyekuwa kimya anachambua maharage, akasema, "Huyo kaibiwa kwa sababu kafukia mchana. Pesa hufukiwa usiku."

Mkwewe akadakia, "Na posta yenyewe ilikuwa wapi? Si Korogwe? Kushuka siku nzima, kupanda siku nzima. Hapo mtu ameacha kulima siku mbili ili aweke shilingi moja."

Wakaanza kujadili wizi wa pesa za simu, na jirani aliyetapeliwa kwa ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mjadala ulikwenda mpaka saa nne. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu Wazungu wale walivyojiuliza Waafrika wanaelewaje sinema. Pale jikoni niliona walielewa vizuri kabisa, na makosa ya hadithi waliyaona kabla haijaisha.

Jumamosi: kushuka

Nilizunguka mashamba ya chai asubuhi, nikapiga picha, nikashuka. Kushuka bodaboda ni 12,000. Magoti yaliuma siku mbili. Korogwe nililala mapema.

Jumapili: Kingolwira

Korogwe hadi Chalinze 12,000, nikashuka, nikasubiri dakika kumi tu, basi la Morogoro 6,000. Nikamwambia konda anishushe Kingolwira, kabla ya Msamvu. Akanisahau. Abiria wa nyuma yangu, baba mwenye tenga la kuku, ndiye aliyegonga bodi mpaka basi likasimama, akanisaidia kushusha begi kupitia dirishani, na basi likaondoka na kofia yangu.

Hapa, mwaka 1936, walipiga ile filamu ya mashamba ya wakulima wadogo, mojawapo ya tatu zilizobaki. Niliuliza watu wanane. Wa kwanza saba walidhani natafuta gereza. Onyo kwa anayekuja na kamera: Kingolwira kuna gereza kubwa lenye mashamba, na kupiga picha maeneo hayo kutakuletea maswali marefu. Weka simu mfukoni mpaka uwe umesogea.

Wa nane alikuwa fundi baiskeli. Alisema babu yake aliwahi kutaja "mashamba ya kupimiwa", lakini yeye hakumbuki zaidi. Akanipa kiti na kunionyesha mahali ambapo Uluguru inaonekana yote bila nyumba kuziba. Mashamba yanabadilika, barabara zinahama, ila mgongo wa mlima haubadiliki. Siku nakala ya filamu ile ikifika hapa, kama mlima umeingia hata kwenye picha moja, mtu mwenye macho ataweza kusimama palipokuwa na kamera. Ndiyo maana inaniuma kwamba iko mbali. Kule Uingereza wanautunza mkanda kuliko ambavyo sisi tungeutunza, hilo sibishi, nimelinusa lile kopo. Lakini wa kusema "lile ni shamba la fulani" wako hapa, na wanapungua kila mwaka.

Fundi alikataa soda. Alikubali nimnunulie gundi ya viraka, 1,500.

Nikalala Morogoro mjini, 25,000, feni inayopiga kelele kama projekta.

Jumatatu: SGR

Morogoro hadi Dar kwa treni ni 13,000. Stesheni iko Kihonda, bodaboda kutoka Msamvu 3,000. Beba kitambulisho na ufike mapema, geti likifungwa halifunguki kwa machozi. Chini ya saa mbili nilikuwa Dar. Niliandika nusu ya haya mle ndani, kabla ya Pugu.

Nilidhani yameisha hapo. Jumapili iliyopita simu ikaita, namba nisiyoijua. Ni mzee wa Korogwe, kwa simu ya mjukuu. Kopo ameshalibadilisha, mkanda uko kwenye boksi la viatu, chini ya kitanda. Kilichomfanya apige ni kingine. Amemkumbuka mwenzake waliyekuwa wakiendesha gari moja, alikuwa wa Handeni, amefariki, lakini mke wake yupo. Alimpigia. Yule mama akamwambia makopo yapo matatu, anahifadhia karanga.

"Na mikanda yake?" nikauliza.

"Kasema iko darini, pamoja na sahani nyeusi. Kasema zile sahani wajukuu walizijaribu, hazina muziki, mtu anaongea tu."

Korogwe hadi Handeni, mzee kasema, kuna Noah asubuhi, 5,000. Naenda mvua zikikatika.